Kusogongera Chupa ya Marehemu

Mimi pombe sinywi, naionja. Watu wa hapa wamelijua hilo kwa miaka thelathini, na bado kila mgeni lazima aulize, na kila akiuliza lazima nikasirike. Kunywa ni kazi ya koo na tumbo. Kuonja kunataka pua, ulimi na akili, na akili hawakugawiwa wote.

Kwetu Ngara lipo neno lake, kusogongera. Mwenye pombe hakupi kibuyu hivi hivi. Anapiga funda moja yeye mwenyewe mbele ya macho yako, anameza, anatulia kidogo ili umwone hajaanguka, ndipo anakupa. Maana yake ni kwamba humu hamna sumu wala hila, na kama imo, imeanza na mimi. Kwenye mahari na harusi, ambako pande mbili zinacheka huku zikiogopana, huitwa mtu mmoja asogongere kwa niaba ya wote. Anamtaja mwenye pombe, anaonja, anasema alichokionja. Mtu huyo hasemi uongo. Akisema uongo mara moja tu, kazi yake imekwisha, na jina lake limekwenda nayo.

Huku pembeni mwa Lukole mtu huyo ni mimi, Febronia. Nikisema ni njema, watu wanakunywa. Nikisema mwageni, wanamwaga, hata kama ni mitungi mitatu na mwenye nyumba analia.

Bibi yangu ndiye aliyenifundisha, na alinipa katazo moja tu. Pombe ya marehemu haisogongerwi. Mwenye pombe akifa kabla ya kuionja, humwagwa mlangoni mpaka tone la mwisho. "Ukionja kwa niaba ya maiti," alisema, "umemwazima kinywa. Naye atakitumia." Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, nikacheka. Bibi alinipiga kofi, kisha akaendelea kumenya ndizi.

Jumamosi moja mwaka jana, baada ya chakula cha mchana, alikuja Joyceline, mtoto wa kaka yangu, anayefanya kazi ofisini Ngara mjini. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita na alikuwa amebeba boksi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa pili.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nani amekutuma ubebe mizigo na hali hiyo?"

"Limetoka Ulaya, shangazi. Limeandikwa jina lako, limekaa posta wiki tatu."

Mume wangu, Niyonzima, alikuwa amekaa kibarazani anachonga mpini wa jembe. Ana miaka sabini na mbili. Ni Mrundi, alikuja Lukole wakati kambi ya wakimbizi imejaa mpaka juu ya vilima, akiwa na mke wake wa kwanza na mtoto wa kike anayenyonya, Keza. Mwaka tisini na saba ugonjwa wa kuhara ulipita kambini. Mke alifariki siku ya pili. Niyonzima mwenyewe alilala wiki tatu kwenye hema la wagonjwa bila kujitambua, na watu walikwisha kumhesabu kati ya wafu. Alipoamka aliambiwa mtoto naye amekwenda, amezikwa na wengine. Kuzikwa wapi, hakuna aliyemwonyesha. Misalaba ilikuwa ya miti, na mchwa wa Lukole hawana dini.

Tulioana miaka miwili baadaye. Mimi na yeye hatukujaliwa mtoto. Kambi ilipofungwa wenzake wakarudi kwao, yeye akabaki kwangu, na nilijua habaki kwa ajili yangu peke yangu. Kila kiangazi alichukua fimbo akaenda kuzunguka kule kambi ilikokuwa. Mara mbili aliipita kambi akapotelea maporini juma zima, mara ya pili wakamrudisha kwa pikipiki, midomo imepasuka, moyo unadunda vibaya. Daktari alisema safari nyingine kama ile itamuua. Nilisema naye kwa upole, nikasema naye kwa ukali. Hakuwahi kuitofautisha l na r, na jibu lake lilikuwa moja siku zote: "Nataka kujua mtoto amerara wapi."

Kwa hiyo nikafungua boksi. Ndani mlikuwa na chupa moja, imeviringishwa kwa sweta la sufu, na barua.

Joyceline aliigeuza chupa mwangani. Kinywaji kilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. "Ni wiski, shangazi. Shayiri tupu, ya kiwanda kimoja. Pipa namba elfu moja mia moja themanini na saba. Chupa ya sitini na moja kati ya mia mbili na tatu."

"Kiwanda gani?"

"Hawajataja." Alisoma tena, akatafuta kwenye simu yake, akarudi na maelezo. Huko Skotilandi kuna watu hawapiki kabisa. Wananunua pipa zima la mbao kwa wapikaji, wanalilaza wenyewe, likiiva wanajaza chupa na kubandika jina lao. Wapikaji wengine huuza kwa sharti kwamba wasitajwe.

"Kama Adelfina," nikasema. Adelfina wa pale senta hununua rubisi yangu asubuhi, saa nne anaiuza kama yake, na akisifiwa anainamisha kichwa kwa haya, utadhani ndiye aliyekanyaga zile ndizi. Lakini rubisi yangu siku ya nne ni siki. Hii, alisema Joyceline, ilikaa kwenye pipa miaka ishirini na mitano. Nilimwambia arudie, akarudia. Kusema kweli mate yalinijaa mdomoni.

Barua ilikuwa ya Kiingereza, akatutafsiria polepole. Ilitoka kwa Aleki.

Aleki alikuwa fundi mkuu wa maji kambini. Mtu mrefu, mwekundu, na ukimwita Mwingereza ananuna siku nzima. Alikuwa na tabia ya kugonga matangi kwa vifundo vya vidole, mara mbili, kisha anatega sikio kujua maji yamefika wapi. Kila Jumamosi alikuja kwenye banda la mama yangu kunywa rubisi kwa mrija, na mimi ndiye niliyemsogongerea. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Alipoondoka aliahidi kuniletea pombe ya kwao, nami nikasema ndiyo, ndiyo, kama tunavyowaambia wote wanaoondoka.

Joyceline alisoma: "Febronia, ulionja mbele yangu kila Jumamosi, nami nikanywa bila woga. Pipa hili tulilinunua mimi na rafiki zangu saba. Nililichagua kwa sababu lilijazwa mwaka 1997. Samahani kwamba safari hii mwenye pombe hataonja kwanza. Umpe na Niyonzima. Kuna jambo la mtoto wake nilipaswa kumwambia. Nimeliandika mara nyingi nikalichana. Nilikuwa mwoga, na bado ni mwoga."

Chini, kwa mwandiko mwingine, mke wake alikuwa ameandika kwamba Aleki alifariki mwezi wa tatu, na boksi alilikuta limepangwa tayari.

Niyonzima aliuweka mpini chini. "Kumbe arijua," alisema. "Miaka yote hii arijua amerara wapi, na sasa amekufa naro."

Hakulia. Afadhali angelia. Alikaa anaitazama ile chupa kama mtu anayetazama mlango uliofungwa kwa nje.

Hapo ndipo nilipotakiwa kuichukua chupa, niende mlangoni, niimwage. Nilijua. Kinywa cha bibi yangu kilikuwa sikioni mwangu. Lakini miaka ishirini na mitano ndani ya pipa, jamani. Nimeonja pombe tangu sijaota matiti, za ndizi, za mtama, za asali, na sijawahi kugusa kitu kilicholala muda huo. Nikajiambia kuimwaga zawadi iliyotoka mbali namna ile ni dharau. Nikajiambia marehemu ni mzungu, na katazo la bibi halikuwahusu wazungu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nilikwenda kuvunjika nikiwa natabasamu.

Joyceline alisoma kwenye simu kwamba kwanza hunuswa, kisha huongezwa matone ya maji. Nilimwambia simu yake isinifundishe kazi. Nilimimina kidogo kwenye glasi, nikaizungusha, nikaweka pua.

Moshi. Si moshi wa kuni zetu, ni moshi mzito, wa udongo mweusi wa bondeni uliochomwa ukiwa bado mbichi. Nyuma ya moshi kulikuwa na chumvi, na nyuma ya chumvi harufu ya hospitali.

"Nasogongera kwa niaba ya Aleki," nikasema, maana ndivyo inavyosemwa, na nikapiga funda.

Iliwaka. Halafu ikafunguka, na ile harufu ya hospitali ikawa ladha ninayoijua. Ilikuwa dawa ya maji. Ile dawa nyeupe waliyotia kwenye matangi ya kambi, mpaka chai ikawa na ladha hiyo, mpaka uji. Miaka ishirini na zaidi sikuwa nimeionja. Nilitaka kumwambia Joyceline, nikafungua kinywa.

"Tangi sita," nikasema. "Maji iko chini sana."

Mkono wangu ulikuwa umegonga meza mara mbili kwa vifundo vya vidole, na kichwa changu kilikuwa kimeinama upande, kimetega.

Joyceline alicheka. Alidhani namwigiza. Niyonzima hakucheka, kwa sababu alikuwa ameisikia sauti. Maneno yalitoka kwangu, koo ni langu, lakini ile "iko" na ule uzito wa herufi vilikuwa vya mtu mwingine. Nilifunga mdomo kwa kiganja. Nyama ya ulimi wangu ilikuwa baridi, na ilikuwa imekaa vibaya, kama meno ya bandia ya mtu mwingine. Nilihisi hofu ambayo sijawahi kuihisi, hata usiku mama yangu alipokata roho mikononi mwangu.

"Shangazi?" Joyceline alikuwa amesimama. "Shangazi, acha mzaha."

Niyonzima alikuja akapiga magoti mbele yangu, mzee yule, magoti yake yakalia. Hakuwa akinitazama machoni. Alikuwa akikitazama kinywa changu.

"Muurize," alisema. "Muurize amerara wapi."

"Niyonzima, niache niiteme hii."

"Umekwisha kumwita. Muurize."

Sikuuliza. Lakini mkono wangu ulichukua glasi, ukaongeza, na funda la pili likashuka. Safari hii ilikuwa ladha ya turubai lililoloa mvua. Nikasimama. Miguu ilitaka kwenda, na mimi nikaona ni heri niende nayo kuliko ivutwe bila mimi. Nilimwambia Joyceline abaki nyumbani, alale, asiguse kitu. Niyonzima alichukua chupa, mimi glasi.

Kutoka kwetu mpaka kambi ilikokuwa ni mwendo wa nusu saa. Jua lilikuwa bado liko juu, limefunikwa na mawingu mepesi, na watu walikuwa mashambani wakipalilia maharage. Walitusalimia, nikawaitikia kwa kichwa tu, nisije nikafungua mdomo. Kambini siku hizi kuna mahindi, mihogo na mikaratusi, na hapa na pale msingi wa saruji uliobaki. Ukipita na mgeni hawezi kujua kwamba mahali hapa paliwahi kulala watu maelfu.

Tulipoingia kwenye mahindi nilianza kuinua miguu. Hatua tatu, ninainua mguu juu, navuka. Hatua nne, nainama kidogo, navuka tena. Hapakuwa na kitu pale, ni matuta na majani. Niligeuka kumwona Niyonzima kama ananishangaa, nikakuta naye anavuka. Anainua mguu pale pale nilipoinua, fimbo mkononi, bila kutazama chini.

"Ni kamba za mahema," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa ririkuwa hema ra Ntibazonkiza. Hapa ra wajane."

Tukaenda hivyo, wazee wawili, tunavuka kamba zisizokuwepo katika shamba la mtu. Upepo haukuwepo na mahindi yalikuwa kimya, lakini nilisikia vikombe vya bati, na kukohoa kwingi, na mtoto analia mbele yetu, kila mara mbele kidogo. Nikamuuliza kama anasikia. Akasema hasikii kitu, twende.

Kwenye msingi wa tangi la sita mkono wangu uligonga saruji mara mbili. Tukapanda hadi kwenye mikaratusi, na hapo udongo una mabonde mabonde madogo, mengi, yamejipanga. Tulijua ni nini. Kila mtu wa huku anajua, ndiyo maana hapalimwi. Niyonzima alivua kofia. Alikuwa amelizunguka eneo hili miaka ishirini na mitano, na sasa alisimama akingoja miguu yangu ikome.

Haikukoma. Ilipita katikati ya makaburi bila hata kupunguza mwendo, ikatoka upande wa pili, ikashuka kwenye kichaka mpaka kwenye njia ya zamani ya magari. Niyonzima alikuwa amechoka, alibaki juu ameshikilia mti, akinitazama. Nilisimama njiani peke yangu na glasi. Kulikuwa na tone moja limebaki ndani yake, nikalimeza.

Maziwa.

Nilingoja udongo, na udongo haukuja. Yalikuja maziwa ya mtindi, ya kibuyu kilichofukizwa moshi, mazito, yenye uvuguvugu wa mkono wa mtu. Na mdomo wangu ukaanza kusema, polepole, bila sauti, nami nikawa nausikia kwa midomo yenyewe kama bubu anavyousoma mdomo wa mwenzake. Mama, chukua. Mama yake kufa. Baba yake kufa leo, kufa kesho. Hapa yeye kufa pia. Wewe iko na maziwa. Chukua. Jina yako nani? Limi. Wapi nyumbani? Nyamahanga.

Nikamwona pia, au niliona mikono yake, mikono myeusi ya mwanamke wa Kisukuma aliyekuja kuuza maziwa kambini, inapokea mtoto aliyefungwa kwenye sweta la sufu. Mtoto alikuwa na meno manne. Alinyamaza mara moja alipopewa kibuyu. Kisha mwanamke yule na watu wake wakaondoka na ng'ombe wao, na wiki ya tatu baba mtu akaamka akauliza mtoto yuko wapi, na mwoga akaacha aambiwe amezikwa.

Keza hakufa, basi. Ana miaka ishirini na kitu, ni mwanamke mzima, pengine ana jina lingine na watoto wake. Nyamahanga ni Biharamulo, wilaya ya jirani. Wanunuzi wa mahindi huenda asubuhi na jioni wako nyumbani.

Sasa niseme nilichofanya, na nisitie sukari. Nilitazama juu nikamwona mume wangu ameshikilia mti, mwembamba, kofia mkononi. Nikafikiri, nikimwambia, ataondoka sasa hivi kama alivyo. Ataingia kila boma la Wasukuma kutoka hapa hadi Nyamahanga. Asipompata atakufa barabarani, na akimpata hatarudi. Kwa nini arudi? Kwangu alikuwa anangoja kaburi la mtoto tu. Miaka ishirini na mitatu nimepika, nimefua, nimemtafuta porini, na nilijua kabisa kwamba katika mizani yake mimi ni manyoya. Hilo liliniuma siku ile kuliko siku zote. Nilimtaka mume wangu abaki nyumbani.

Nikapanda tena kwenye mikaratusi. Nikatembea hatua kumi na mbili, nikasimama kwenye bonde moja dogo lililoota majani laini.

"Hapa," nikasema.

Ilikuwa sauti yangu mwenyewe, safi kabisa. Aleki hakunisaidia kwa neno hilo.

Niyonzima alikuja. Alipiga magoti, akaweka viganja vyote viwili juu ya majani, na akasema mambo mengi kwa Kirundi, mengine niliyasikia, mengine nikajifanya sikusikia. Alimwomba radhi kwa kulala wiki tatu. Alimwambia mama yake alimpenda. Machozi yalimtoka bila kelele, na uso wake ukalainika, miaka kumi ikamtoka usoni. Nikajiambia, tazama, umemponya. Uongo gani huu unaomponya mtu. Nikaanza hata kuamini.

Alipomaliza alikaa kitako, akafuta uso, akanyoosha mkono.

"Nipe grasi. Umekwisha kusogongera, nami ninywe. Ameniretea mwanangu, nimesamehe."

"Moyo wako," nikasema. "Daktari amekataza."

"Funda moja. Kwani ni mbaya?"

Hapo nilinaswa. Mtu aliyesogongera akimkataza mwingine kunywa, amesema ndani mna sumu. Akaichukua glasi mkononi mwangu. Akajimiminia mwenyewe, kidogo sana, akaweka pua kama nilivyomfundisha tulipokuwa wachanga katika ndoa, akanywa.

Aliishika mdomoni muda mrefu. Niliona taya lake likienda taratibu. Niliona alipoufikia moshi, kwa sababu alifumba macho, na nikaona alipofika kwenye dawa ya tangi, kwa sababu alikunja uso. Kisha uso ukatulia, ukabaki hivyo.

Alimeza. Akaiweka glasi juu ya majani, pale pale nilipomwonyesha.

"Febronia."

"Abee."

"Humu hamna udongo."

Niliinama niichukue glasi, akaizuia kwa mkono.

"Kuna moshi. Kuna dawa. Harafu kuna maziwa." Alinitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu mchana. "Maiti hanywi maziwa."

Alichukua chupa, akamimina tena, si nyingi, akanipa glasi kwa mikono miwili kama anavyopewa mtu wa heshima.

"Sogongera tena," alisema. "Safari hii kwa niaba yako mwenyewe."

Nikaonja. Hapakuwa na mtu mwingine kinywani mwangu. Ilikuwa ni maziwa tangu mwanzo hadi mwisho. Nikamwambia yote, mwanamke, kibuyu, sweta, jina la Limi, maneno ya mwoga yalivyokuwa, na kwamba nilijua nilipokuwa chini njiani, na kwa nini nilipanda nikasema hapa. Nilisema bila kupumzika, kwa kuwa nilijua nikipumzika nitaanza kujitetea.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza, na katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kutamani kugombezwa kama nilivyotamani wakati ule.

"Nyamahanga," alisema. "Pare nimepita mara tatu."

Akainuka, akapangusa magoti, akavaa kofia. Nilimwambia angoje kesho, nimfungie chakula, tupande gari pamoja, tumwombe Joyceline atupigie simu ofisi ya kata. Nilisema mengi. Alikuwa amekwisha kuanza kushuka kuelekea njia ya magari, na hakunisubiri.